Vidonge Vilivyobaki

Jumamosi ile katika soko la mji wa Petit-Goâve ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Harufu ya ndizi za kukaanga, redio zinazogombana, na shangazi Clerzina juu ya kigoda chake, ndoo ya dawa mbele ya magoti. Ndani ya ndoo ulisimama mnara wa karatasi za vidonge, za kila rangi, zimefungwa kwa raba, mkasi umechomekwa kileleni. Hakuna aliyeuliza jina la dawa. Watu waliomba kwa rangi: nipe viwili vya njano, nikatie kimoja chekundu.

Kazi ya kukata ilikuwa ya Vernette, binti wa kaka yake, aliyekuwa akisomea ufamasia msaidizi na kulala kwa shangazi bure. Shangazi alimlazimisha kuvaa koti jeupe la chuo hata sokoni, maana koti jeupe huvuta wateja. Darasani Vernette alifundishwa kwamba dozi haikatwi. Sokoni alikata. Mtasema ni umaskini. Haya, ni umaskini. Lakini umaskini hauna vidole. Mkasi ule ulishikwa na mtu.

Karibu na adhuhuri akaja Odanie, mwanamke wa milimani, mwanawe Lovencia akiwa mgongoni ndani ya shuka la bluu. Kilikuwa kitoto cha meno mawili tu, ya chini. Kilikohoa kikohozi kikavu, na kila kilipovuta pumzi mbavu zilibonyea ndani. Vernette alikuwa ameijibu dalili ile kwenye mtihani, akapata alama zote.

"Shangazi," alinong'ona, "huyu ni wa kupelekwa hospitali. Sasa hivi."

"Hospitali wamegoma, msomi wangu. Au utamtibu wewe kwa Kifaransa chako?"

Yolette, muuza samaki wa jirani, akapiga makofi. "Clerzina, umejifugia daktari!"

"Namlisha, kwa hiyo ni daktari wangu. Mkatie viwili, vile vyekundu na njano."

"Viwili si dozi, shangazi. Na vyenyewe ni vya mtu mzima."

"Kata!"

Vernette akakata. Odanie alivipokea, lakini hakumtazama Clerzina. Alilitazama koti jeupe.

"Wewe unayesoma, mwanangu. Vitatosha?"

Shangazi alikuwa akitabasamu. Vernette akafikiria kitanda chake. Akafikiria mlango wa nyumba ile ukifungwa nyuma yake.

"Vitatosha," alisema.

Mtoto alizikwa kabla ya Jumamosi nyingine kufika.

"Kumbe tulimuuzia maiti," shangazi alisema akinywa kahawa. "Dawa njema imepotea bure."

Jumamosi iliyofuata Odanie akarudi. Alitembea taratibu, ameinama. Shuka la bluu lilikuwa mgongoni, limefungwa fundo kifuani. Limelemewa.

"Nimekuja kuchukua vilivyobaki," alisema.

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. "Vya nani, mama? Siku hizi huko kaburini wanameza dawa?"

Ndani ya shuka, kitu kikakohoa.

Yolette akaacha kupara samaki. Odanie alikaza fundo kifuani. Aligeuka, akaondoka, na watu walimpisha bila kujua kwa nini. Ndani ya shuka hakukuonekana kichwa. Hakukuonekana miguu. Lakini shuka lilikuwa likipumua.

Siku chache baadaye shangazi akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu. Akalala kitandani, mlango wazi, jua la mchana limejaa chumbani, na Vernette akaziona mbavu zake zikibonyea ndani. Zilibonyea vilevile.

"Twende hospitali, shangazi. Mgomo umekwisha."

"Nikapange foleni na watu wa milimani? Nina ndoo nzima! Lete vile vyekundu na njano. Dozi kamili, unasikia? Usinikatie kama unavyowakatia washenzi wale."

Vernette akachukua karatasi ya kwanza. Haikuwa imefunguliwa. Akabonyeza, ikapasuka.

Hamna kitu.

Akabonyeza kifuko cha pili. Hamna. Kila kifuko kilikuwa kimetuna, kimezibwa, kizima. Kila kilipopasuka kilitoa hewa ya uvuguvugu usoni mwake. Ilinuka maziwa ya mama.

Akaubomoa mnara. Njano, bluu, nyeupe. Zote tupu. Sakafu ikang'aa kwa karatasi. Chini kabisa ya ndoo akakuta kipande cha shuka la bluu, kimefungwa fundo. Akakifungua.

Vidonge viwili.

Shangazi alivitazama kiganjani. Akamtazama binti wa kaka yake. Kiburi chote kilikuwa kimemtoka. Macho yalikuwa ya mtu anayeomba.

"Vernette. Mwanangu. Vitatosha?"

Nje pikipiki zilikuwa zikipita, zikipiga honi kutafuta abiria. Kunyoosha mkono tu kungetosha kuisimamisha moja.

"Vitatosha," alisema Vernette.

Akavuta kigoda, akakaa, akasikiliza mpaka kikohozi kilipokoma.

Walimzika shangazi kwa matarumbeta, na Yolette akalia kuliko wote. Vernette alilifua koti, akalipiga pasi, akaenda kufanya mtihani wake wa mwisho. Ndoo hakuigusa tena.

Mtahini, mzee mpole mwenye miwani, aliweka mezani boksi jipya la dawa, lakiri bado ipo. "Fungua, kagua, kisha unieleze jinsi ya kumpa mgonjwa."

Akalifungua. Karatasi ilikuwa nzima, vidonge vyote vimo. Akaigeuza upande wa fedha.

Nyuma ya kila kidonge palikuwa na vialama viwili vidogo, vimekaribiana. Vilikuwa vimesukumwa kutoka ndani. Kama meno.

Akachukua karatasi ya pili. Vilevile. Akatoa zote.

"Simama wima, binti," alisema mtahini. "Mbona umeinama kama uliyebeba mtoto?"