Jina la Mama Mapacha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimnawisha bibi yake uso, akamchana nywele na kumkalisha kibarazani apate jua. Jina la Chiriku alibandikwa mtaani kwa sababu ya mdomo wake. Mama yake alisema mtoto huyu alianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno. Bibi alikuwa msikilizaji wake mkuu, ingawa siku hizi akili yake ilikuwa kama redio mbovu, mara inashika, mara inapotea.

Wiki hiyo shule ilikuwa ikiandika ukutani majina ya wanawake waliotenda makubwa. Daktari wa kwanza alikwisha andikwa, na hakimu, na mwalimu aliyeianzisha shule. Ilibaki nafasi moja, na Chiriku aliiombea Mama Mapacha. Kabla mtaa haujapata zahanati, mama huyo alikigeuza chumba chake kuwa cha kujifungulia. Alichemsha nyembe na vitambaa, akalala sakafuni ili mzazi apate kitanda. Wazee wengi wa mtaa walipokelewa na mikono yake.

"Vema," alisema mwalimu mkuu, mama mmoja asiye na mzaha. "Lakini lete jina lake mwenyewe, kama wenzake. Mapacha ni wanawe. Fundi wa mabango anamaliza kesho jioni. Ukilikosa, tutamwandika mke wa diwani aliyetupatia madawati."

"Nitalipata, mwalimu!"

Alidhani ni kazi ya kuvuka barabara. Mshona viatu, aliyezaliwa chumbani mle, alijikuna kichwa.

"Si Mama Mapacha? Sasa we mtoto, unataka jina gani tena?"

Muuguzi wa zahanati alikuwa mgeni. Mapacha wenyewe walifariki utotoni, na mama yao hakuacha ndugu. Chiriku akaenda hadi makaburini. Kibao cha mbao kilikuwa kimeliwa na mchwa, kimebaki kisiki.

Akabaki bibi, ambaye zamani alikuwa jirani wa mkunga huyo na msaidizi wake.

"Bibi, Mama Mapacha alikuwa akiitwa nani?"

"Mama Mapacha."

"Jina lake, bibi. Alilopewa na wazazi wake."

Bibi alitazama viganja vyake. "Alikuwa akiimba maji yakichemka," alisema.

Chiriku alimshika mkono. "Alipokuwa msichana, bibi. Msichana mdogo kama mimi. Walimwita nani?"

Bibi akatabasamu. Akataja jina, wazi kabisa, jina zuri ambalo Chiriku hakuwahi kulisikia.

Alikimbia jikoni akilitaja kwa sauti. Mama yake aliweka sufuria chini polepole.

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Bibi! Ndilo la Mama Mapacha!"

"Mwanangu, hilo ni lake yeye. Ni jina la bibi yako." Mama alikaa kwenye kigoda. "Tangu babu yako afariki, sijasikia mtu akilitamka. Hata mimi namwita Mama tu. Umemuuliza habari za msichana mdogo, naye kajijibia mwenyewe."

Chiriku alirudi kibarazani kuuliza tena. Bibi alimtazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni.

Kesho yake rafiki yake Meno alimsubiri langoni.

"Si unalo jina? Toa hilo hilo. Nani wa kukukosoa? Wanaojua wote wako chini ya udongo."

"Ni la bibi yangu."

"Kwani atakasirika? Hajui hata leo ni siku gani."

"Usimseme bibi yangu, Meno!"

"Haya, shauri yako. Mke wa diwani keshaanza kujipodoa huko."

Jioni, fundi alichovya brashi kwenye rangi. Wanafunzi walikuwa wamejazana uani.

"Haya Chiriku, litaje," alisema mwalimu mkuu.

Mbele ya watu wote hao, jina la bibi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake.

"Sikulipata, mwalimu. Nimeuliza kila mahali. Hakuna anayelijua."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Mwalimu aligeukia nafasi iliyobaki ukutani.

"Sasa nimwandike mke wa diwani?" fundi aliuliza.

"Huyo yu hai, jina lake tunalo, atasubiri. Andika hivi: Mkunga wa mtaa huu. Aliwapokea wazee wetu chumbani kwake. Jina lake hatukumuuliza."

"Mwalimu, hiyo si aibu?"

"Ni aibu. Kwa hiyo iandike kwa herufi kubwa."

Fundi akaandika. Chiriku alisoma kila herufi ikikauka, machozi yakimtiririka. Alikuwa ameshindwa, na hapakuwa tena na mtu wa kumuuliza.

Mwalimu mkuu alimwekea mkono begani, akawageukia wengine.

"Mwenzenu angeweza kunidanganya, nami ningeamini. Tungesoma uongo huo miaka yote tukijiona tumemheshimu mama wa watu. Kumheshimu mtu huanza na kusema kweli juu yake, hata kweli hiyo ikituumbua. Sasa nijibuni: bibi zenu wanaitwa nani?"

"Bibi yangu anaitwa..." Meno alianza. "Anaitwa Bibi."

Hakuna aliyecheka.

"Kengele bado," alisema mwalimu mkuu, "lakini chukueni mikoba yenu. Nendeni mkawaulize leo, wakiwa wangali wanaweza kuwajibu."