Mume Kabeba Turubai, Mke Kabeba Vijiti

Wajukuu zangu wa mtandaoni, kabla hamjaanza kunitumia vile vikatuni vya kucheka, jibuni hiki.

Nina nyumba haina msingi. Nusu iko mgongoni kwa mume, nusu mgongoni kwa mke. Wakiachana njiani, wote wawili hawana pa kulala.

Nyumba gani hiyo?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nimechukua Honolulu, nimekula nimeshiba. Ni hema la watembea milimani. Sasa kaeni vizuri.

Marlys alikuwa ndani ya mto, maji yakimpiga mapajani, pale mumewe, Corwin, alipomwambia kutoka ng'ambo:

"Mimi natangulia."

Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani. Corwin alivuka maji yakiwa ya kifundo cha mguu. Marlys, mwenye begi zito, alikuwa nyuma. Alipoingia yeye, mto ulishageuka rangi ya kahawa na unashusha matawi.

"Corwin, nisubiri. Maji yanapanda."

"Yanapanda kwa sababu umesimama hapo unayatazama."

"Fimbo yangu imekwenda na maji."

"Basi rudi. Si umezoea kurudi?"

Halafu mwanaume mzima akageuza kamera kwenye uso wake, akatabasamu, akawaambia wafuasi wake kwamba ameukabili mto peke yake. Akaingia kwenye vichaka vya mikadi. Akapotea.

Hakutazama nyuma hata mara moja.

Marlys alishika mzizi wa mti, akajivuta kwa tumbo hadi ukingoni, magoti yanatoka damu. Begi la chakula karibu limzamishe.

Wajukuu, huyo Corwin nimweleze vipi... Ni wale wanaume wanaoingia msituni na kitana mfukoni.

Wao ni watu wa jimbo la Vermont, huko bara. Marlys alikuwa anaendesha basi la shule. Akaacha kazi, akauza nyumba aliyoachiwa na mama yake, kwa sababu Corwin alimwambia, "Tukizunguka milima na visiwa pamoja, ndoa yetu itapona." Akaamini. Kila kilima alichopanda, alikuwa anaipandisha ndoa yake mgongoni. Ikimponyoka hii, hana nyumba ya kurudi wala kazi ya kushika.

Kwenye ile njia ndefu ya milima ya mashariki, watembeaji wana desturi yao. Jina la njiani unapewa na wenzako, hujipi mwenyewe. Corwin akafika kambini siku ya kwanza, akasimama juu ya jiwe.

"Niiteni Tai wa Kilele."

Watu wakatazamana juu ya mabakuli yao ya tambi. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu akasema, "Sawa, Sufuria."

"Sufuria kwa nini?"

"Unakaa kitako, unangoja kujazwa."

Likamganda hilo mpaka Maine, mwisho wa njia. Na huko Maine ndiko mto mwingine, kabla ya huu niliowaanzia, ulitaka kumchukua Marlys, tangu hapo akiona maji yanayokimbia anatetemeka. Corwin analijua hilo vizuri. Mlishike.

Wakashuka visiwani. Puerto Rico, kisha Vieques. Marlys anashika kile kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga, jua linamchoma mabega, ili bwana mkubwa apendeze. Kwenye ukurasa wake wote huoni picha ya mke. Kivuli chake tu, hapa na pale, na mkono unaoshika mwavuli.

Mwisho wakaja huku kisiwani kwetu Kaua'i, kwenye ule mto niliowaanzia.

Mzigo waligawana kama wanavyogawana wote wa aina yao, ili uzito usimwelemee mmoja. Huyu turubai, yule vijiti. Huyu jiko, yule mtungi wa gesi. Mgawaji ni Marlys. Corwin hakuwahi kupanga begi lake mwenyewe, na kwa kuwa kamera zilijaza lake, chakula chote kilikwenda kwa mke.

Marlys alipotoka mtoni akarudi hadi mlangoni mwa njia, akamkuta Anti Nohea, anayeuza mkate wa ndizi nyuma ya gari lake. Anti alimwona anavyochechemea, akampa taulo kabla ya salamu.

"Mwenzio yuko wapi, mwanangu?"

"Amevuka mto, anakwenda ufukweni tulikopanga kulala. Anti, hana chakula. Hana gesi. Vijiti vya hema ninavyo mimi."

"Sasa huko ana nini?"

"Turubai, jiko, na kamera."

"Basi leo atachemsha kamera."

Marlys alitaka kucheka, akalia. "Atakufa na baridi. Nisingemwacha."

"Wewe ndiye ulimwacha?"

Marlys akajifuta damu magotini kwa taulo.

Anti akampigia mpwa wake wa zimamoto. Mpwa akasema helikopta haiwezi kuruka, mawingu yamekaa juu ya bonde, wangoje. Wakangoja nyumbani kwa Anti. Kila wali ulipotengwa, Marlys aliisukuma sahani. Angekula vipi, na mumewe yuko ufukweni na njaa? Ndivyo alivyokuwa anawaza, masikini. Na mimi nikikumbuka zile sahani nzuri zilizopoa kwa ajili ya yule kinyago, nasonya mpaka leo.

Mawingu yakaondoka. Wakaambiwa waende uwanja wa mpira.

Helikopta ikatua. Wa kwanza kushuka... hakuwa Corwin.

Alikuwa msichana, peku, nywele zimeshikana kwa chumvi, amejifunika turubai la rangi ya machungwa. Turubai la Marlys. Na upande wa pili wa turubai hilohilo, amejiviringisha humo kama samaki wa pili kwenye jani moja, ndiye Tai wa Kilele.

Msichana akamwona Marlys na begi lake, akamfuata mbio.

"Wewe ndiye mpagazi? Umetuacha tufe njaa."

"Nani kakwambia mimi mpagazi?"

"Yeye. Aliniambia nitangulie ufukweni, nisibebe kitu, kila kitu anacho. Amefika, tumefungua begi, turubai halisimami, jiko haliwaki. Eti mpagazi wake amechelewa mtoni. Tumelala tumejifunika kama viazi, mvua inatunyeshea."

"Unaitwa nani, mdogo wangu?"

"Tamsin."

"Mlipanga lini kukutana hapo, Tamsin?"

"Tangu majira ya baridi."

Majira ya baridi. Ndipo walipokuwa mezani Vermont, kwenye chumba cha kupanga, baada ya ule mto wa Maine, ramani imetandazwa, na Corwin anasisitiza njia hii, hii yenye mto, wala si nyingine.

Marlys akaelewa kwamba mto ulichaguliwa ili umrudishe yeye nyuma. Hakupiga kelele. Anti Nohea ndiye aliyetema mate kwenye majani.

"Marlys, mpenzi," Corwin akasema, meno yanagongana, "tusianze mbele za watu. Una kile chakula? Hata biskuti."

Tamsin akamgeukia. "Mpenzi? Corwin, huyu ni nani kwako?"

Corwin akatazama helikopta. Akatazama viatu vyake. Akarekebisha mkanda wa kamera.

"Tutaongea tukishakula."

Wajukuu, nawaachia hili kabla sijafunga. Ukimbebea mtu mzigo, tafuta kujua anakuitaje kwa wengine usipokuwepo. Na wewe unayebebewa, fungua begi lako ulitazame, kwa maana hujui kilichomo wala hujui nani amekuwa akikuweka hai. Huyu mpumbavu alipanga usaliti wake vizuri kabisa, ufukwe, msichana, mto... akasahau kwamba hajawahi kujipangia hata kijiko.

Marlys akafungua begi. Akatoa mkate wa ndizi wa Anti, akauweka mikononi mwa Tamsin. Corwin akanyoosha mkono, mkono ukabaki hewani. Marlys akalivuta turubai kutoka mabegani mwake, taratibu, akalikung'uta mchanga, akalikunja, akalitia ndani pamoja na vijiti. Akafunga.

Corwin akabaki na fulana iliyolowa, anamtazama kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

"Dada," Tamsin akasema, mkate bado haujaumwa, "yeye hataki kusema. Nakuuliza wewe. Wewe ni nani kwake?"

Marlys akalipandisha begi mgongoni.

"Mpagazi," akasema. "Leo nimeacha kazi."