Mapengo kwenye Jaruba la Shule

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ng'washi alipita kwanza mferejini. Alivua viatu, akavishika mkononi, akatembea juu ya tuta mpaka kwenye majaruba ya baba yake. Hapo aliondoa udongo uliozuia maji, akayaacha yaingie kwenye mpunga, kisha akaziba tena.

Shamba lao lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji, kule Ubaruku, na maji yaliwafikia yakiwa yamepungua. Mwaka uliopita mfereji ulifungwa mapema ili mto usikauke. Punje za mpunga wao zilikuwa bado na maziwa ndani. Mpunga ulikauka ukiwa umesimama. Mwaka ule walilima mpunga, lakini wali waliula kwa majirani.

Ndiyo maana Dokta Tekla Kalinga alipokuja shuleni, Ng'washi alimsikiliza kuliko wenzake wote. Mama huyu alizaliwa Iringa. Alikuwa mtafiti wa mbegu za mpunga, na kwa miaka mingi alifundisha pia chuoni. Wanafunzi walitarajia kumwona mtu mwenye koti jeupe, lakini yeye alivaa buti za mvua na kofia ya ukindu.

"Kumbe kuna daktari wa mpunga!" Alinanuswe, rafiki yake Ng'washi, alinong'ona. "Sasa huo mpunga ukiumwa anauchoma sindano wapi?"

Wanafunzi walicheka. Dokta Tekla alisikia, akatabasamu.

"Siuchomi sindano, mwanangu. Ninautafutia mchumba."

Akawaeleza. Alichukua mpunga unaonukia, ule ambao watu wa Mbeya wanaupenda lakini unachelewa kukomaa. Akachukua na mwingine unaowahi kukomaa, ila wali wake hauna ladha. Chavua ya mmoja akaiweka kwenye maua ya mwingine. Tangu hapo, kila msimu alichagua watoto wao waliofanana na wazazi wote wawili: wenye harufu nzuri na wasiosubiri maji mengi.

"Nilianza kazi hii nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema. "Huu ni msimu wangu wa mwisho kabla sijastaafu. Mpunga huu ukifanya vizuri hapa kwenu, utaendelea hatua inayofuata. Ukishindwa, nitautupa."

Wanafunzi wakapanda miche ya mpunga ule kwa mistari kwenye jaruba la shule. Mwalimu Liberatus alimkabidhi Ng'washi kazi ya maji kwa sababu aliijua.

"Maji yasizidi nusu ya mche," alimwambia. "Usiondoke kabla hujaziba."

Siku ya mnada, Ng'washi alifungua maji, akasimama kando kuyatazama. Alinanuswe akapita na kikapu kichwani.

"Wewe, bibi maji! Twende mnadani, mitumba imeshuka."

"Nasubiri nizibe."

"Maji yana miguu? Tutarudi sasa hivi."

Wakaenda. Huko mvua kubwa iliwakuta, na ilipokatika Ng'washi alikimbilia nyumbani kwa njia ya mkato, bila kurudi kuziba maji. Kesho yake alikwenda shuleni, akakimbilia jarubani. Mfereji ulikuwa umejaa, na maji yalikuwa yameingia kwa nguvu. Upande wa mlango wa maji miche mingi ilikuwa imeng'oka na kuelea. Mingine ilifunikwa na tope. Mistari iliyokuwa imenyooka ilibaki na mapengo.

Nyumbani kwao, jaruba lenye mapengo ni aibu. Wapita njia huliangalia na kusema kwamba mwenyewe ni mvivu. Kwa hiyo mama yake, kila alipomaliza kupanda, alihifadhi fungu la miche kwenye kona yenye maji, kwa ajili ya kujazia. Ng'washi alikwenda kwenye kona ile. Alichukua miche ya mama, akaipanda katika kila pengo la jaruba la shule. Alipomaliza, jaruba lilipendeza kuliko mwanzo.

Dokta Tekla aliporudi, alizunguka tuta lote.

"Limejaa vizuri. Miche yote ilishika?"

"Yote, Dokta," Ng'washi alijibu akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Hamkujazia popote?"

"Hapana, Dokta."

"Hongera sana, mwanangu."

Ng'washi akashika njia ya darasani kabla hajaulizwa jingine.

Miezi ikapita. Mpunga ulitoa masuke, ukaanza kuinama na kubadilika rangi. Lakini si wote. Katikati ya mpunga wa njano yalisimama mashina marefu ya kijani, ambayo masuke yake yalikuwa bado hayajafunguka vizuri. Dokta Tekla aliingia ndani ya jaruba, akashika shina moja, akashika jingine. Alikaa humo muda mrefu.

"Kama hamkujazia, basi tatizo liko kwenye mbegu yenyewe," alimwambia Mwalimu Liberatus. "Bado inatoa watoto wasiofanana. Siwezi kumpa mkulima mbegu ambayo nusu inakomaa na nusu inasubiri maji. Ukateni wote, wapeni ng'ombe."

"Wote, Dokta? Kazi yote ile?"

"Wote, Mwalimu. Ndivyo kazi yetu ilivyo."

Akaketi juu ya tuta, akavua kofia yake, akaiweka magotini. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa. Ng'washi alimtazama, akaukumbuka mpunga wa baba uliokauka ukiwa umesimama. Mbegu ambayo ingewafaa watu wa mwisho wa mfereji ilikuwa inakwenda kuliwa na ng'ombe, na yeye peke yake alijua kwamba haina kosa.

"Dokta," alisema. Akamsogelea. "Dokta, hayo marefu si yako. Ni ya mama yangu."

Mwalimu Liberatus aligeuka. Ng'washi akaeleza yote: mnada, mvua, miche iliyoelea, na fungu la mama. Alieleza huku akilia, lakini hakuacha kitu.

Dokta Tekla hakumkemea. Alivaa kofia yake. "Ingia unionyeshe."

Ng'washi aliingia, akaonyesha pengo moja baada ya jingine. Dokta alipita nyuma yake akikagua, kisha akakagua jaruba lililobaki. Nje ya sehemu zile hapakuwa na shina la kijani hata moja. Mpunga wote uliobaki ulikuwa na kimo kimoja na rangi moja.

"Mbegu ni nzima," alisema taratibu.

Waling'oa mashina ya mama pamoja na yaliyokuwa jirani yake, yasije yakawa yamechanganyika chavua. Yaliyobaki wakayaacha kwa ajili ya mbegu.

"Sikufichi, Ng'washi, imeniuma," Dokta alisema wakinawa miguu mferejini. "Mavuno ya jaruba hili siwezi kuyapima tena. Lazima lipandwe upya msimu ujao, na mimi nitakuwa nimestaafu. Atakayemalizia ni Anord, niliyemfundisha chuoni. Lakini nisikilize. Nimetupa mbegu nyingi maishani mwangu, na kutupa mbegu mbaya hakuniumizi. Leo nilikuwa natupa nzuri, kwa sababu tu mtu aliogopa kuonekana mzembe. Ungeniachia mapengo yale, yangeniambia maji yalifanya nini. Uliyaziba, nikabaki kipofu. Umenifungua macho kabla hatujashika mundu. Kwa hilo nakushukuru."

Msimu uliofuata Ng'washi alimwomba Mwalimu Liberatus kazi ile ile. Mwalimu alifikiri kwanza, kisha akampa. Safari hii kaa wa mferejini walikata baadhi ya miche. Mama yake alipita na fungu lake mkononi.

"Jazia, mwanangu. Watu watatucheka."

"Hapana, mayu. Waache wacheke."

Akachomeka kijiti katika kila pengo, akaenda kumwambia Mwalimu.

Mwaka ule pia mfereji ulifungwa mapema. Mpunga wa jaruba la shule ulikuwa umekwisha kuinama, wa njano mpaka chini. Dokta Tekla alikuja kutoka Iringa kuona mavuno, akiwa mgeni tu. Anord alitaka kumwonyesha kwanza masuke marefu, lakini yeye alikwenda moja kwa moja kwenye vijiti. Akainama, akagusa kimoja.

"Nani aliweka hivi?"

"Ni mimi, Dokta."

"Nikiviona hivi," Dokta Tekla alisema, akiwatazama wanafunzi wote, "ndipo ninapouamini mpunga uliobaki."