Mwanafunzi wa Maneno Mabaya

Chaki zilikuwa zimekwisha, na mwalimu bila chaki ni sawa na mpishi bila moto. Basi jioni ile, jua likiaga, Mwalimu alitoka mbio hadi duka la kona, akabishana na mwenye duka juu ya chaki zilizovunjikia kwenye pakiti, akashinda kama kawaida yake, akarudi nyumbani akitabasamu peke yake.

Huyu mama alikuwa na ulimi, msimchezee. Alifundisha Kiingereza sebuleni kwake. Wanafunzi wake walikuwa madereva, walinzi na wauguzi, watu wazima waliochoka na kazi za mchana. Njia yake ilikuwa moja tu: kitu kwanza, neno baadaye. Mwanafunzi anaelekeza kidole, Mwalimu anatamka, mwanafunzi anarudia. Asiyeelekeza hapewi neno. Neno lisilo na kitu ni upepo, ndivyo alivyowaambia, na aliyebisha aliambiwa mara mbili.

Nyuma ya pazia la sebule aliishi mdogo wake.

Mwaka uliopita binti yule alilala mzima, akaamka upande mmoja wa uso umelegea. Jicho halifumbi, mdomo umevutwa kuelekea shavuni. Daktari alisema ni mshipa. Majirani walisema ametupiwa kitu. Mchumba wake hakusema lolote. Aliyeyuka tu, na simu yake ikawa haipatikani. Tangu siku hiyo binti hakuvuka pazia mgeni akiwapo, na barabarani ndiyo kabisa, hakukanyaga. Mwalimu alikuwa tayari kutoa chochote amwone mdogo wake akitoka nje tena. Alimbembeleza, akamgombeza, akamlilia. Wapi.

Alipofika mlangoni alisita. Mlango alikuwa ameufunga kwa ufunguo. Sasa ulikuwa wazi kidogo...

Na harufu. Harufu ya ukuta uliopigwa lipu asubuhi, mbichi, yenye ubaridi.

Ndani, kwenye kiti cha wanafunzi, alikuwa ameketi mwanamume.

Aliinuka kwa adabu, akaamkia. Mwalimu aliitikia huku akimtazama usoni, akaangalia kando kuweka chaki mezani, kisha akashangaa: hakukumbuka alichokiona. Alimtazama tena. Uso ule ulikuwa laini mno. Pua ilikuwapo kwa kukisia tu. Mdomo ulikuwa mstari.

Mgeni alisema ameelekezwa hapa. Hakutaka salamu wala Kiingereza cha kuombea kazi. Alitaka maneno ya vitu vibaya: vya ajabu, vilivyopinda, vilivyoharibika sura. Jioni moja ingemtosha.

Mwalimu alicheka, maana hofu yake hutokea kwa njia hiyo. Akamwambia kwamba wenzake huja kutafuta lugha ya kupendezea watu, yeye anataka matusi yaliyovaa tai. Lakini kazi ni kazi. Akawasha taa ya mafuta mezani, akampa sharti lake: usiniombe neno bila kunionyesha kitu.

"Hiyo ndiyo njia ninayoitaka," mgeni alisema taratibu.

Akaelekeza kidole kwenye stuli ya pembeni, ambayo mguu wake mmoja ulikuwa umekwenda upande kidogo.

"Crooked," Mwalimu akatamka.

"Crooked," mgeni akarudia.

Kraa...

Mguu wa stuli ulijisokota wenyewe, kama nguo inayokamuliwa. Mwalimu aliruka. Akajiambia ni mbao, mbao zina mambo yake. Alipomgeukia mgeni, mgeni alikuwa na pua. Pua kamili, imepinda.

Kidole kilikuwa kimeshaelekea kwenye kikombe chenye ufa mezani, na mdomo wa Mwalimu, uliozoea kazi kwa miaka mingi, ukafunguka kabla hajauzuia, ukatoa neno la kitu kilichoharibika umbo. "Misshapen."

Mgeni akarudia. Kikombe kikalegea, kikainama upande mmoja, kikabaki hivyo. Juu ya macho ya mgeni zikaota nyusi, moja juu, moja chini.

Sasa Mwalimu alielewa kwamba hii haikuwa mbao. Alitaka kumwambia atoke. Lakini kidole kilishafika ukutani, kwenye picha ya marehemu baba yao, na neno likamtoka kama kikohozi.

"Distorted."

Uso wa baba ukateleza ndani ya kioo cha picha.

Hapo hofu ya Mwalimu ikageuka hasira. Baba yake. Mtu aliyemfundisha kusoma kwa kipande cha gazeti kilichofungia sukari. Akasimama, akamwambia mgeni darasa limekwisha. Mgeni hakusogea. Kidevu kilikuwa kimemtokea, kirefu upande mmoja. Bado shavu la kushoto lilikuwa tupu, laini kama lipu.

Akanyoosha kidole kwenye pazia.

"Na huyo," akanong'ona. "Neno lake."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kuna mtu.

"Huyo ni mdogo wangu," Mwalimu akasema.

"Hilo si neno nililoomba."

"Ndilo nililonalo. Ukitaka lingine, katafute kwa mama yako."

Mgeni hakukasirika. Aliendelea kuelekeza tu, na Mwalimu akahisi neno linapanda kooni. Lilikuwa neno baya kuliko yote. Lilikuwa na uzito, lilisukuma ulimi, liligonga meno kwa ndani likitaka kutoka. Akafumba mdomo. Likasukuma. Akaung'ata ulimi wake mpaka damu ikamjaa kinywani, akaimeza, na neno akalimeza pamoja nayo. Likapanda tena.

Machozi yalimtoka. Hakufungua mdomo.

Pazia likavutwa.

Mdogo wake alisimama pale bila mtandio, uso wote nje, jicho lake lisilofumba likimtazama mgeni. Alikuwa akitetemeka. Lakini alikuja. Alichukua taa mezani, akaiinua hadi karibu na shavu lake.

"Dada, pumzika," alisema. "Huyu ameelekeza kitu ambacho hajakiona. Tazama vizuri, wewe. Halafu sema mwenyewe, usisaidiwe."

Kidole cha mgeni kiliyumba. "Crooked," akasema.

"Umepinda, ndiyo. Mwaka mzima nanawa uso huu kila asubuhi, utaniambia nini? Lete lingine."

Pua ya mgeni ikazama usoni, ikapotea.

"Misshapen..."

"Hilo niliitwa na watu waliokula kwenye sahani zangu. Lingine."

Nyusi zikaenda.

La tatu alilisema kwa sauti ndogo, isiyosikika vizuri, na kidevu kikamwishia mdomoni. Binti akapiga hatua moja mbele na taa yake.

"Wewe unaokota maneno ili upate uso," akamwambia. "Mimi uso ninao. Ni huu."

Mgeni akafungua mdomo kujibu, na hakukuwa na mdomo. Uso mzima ulikuwa ukuta. Akarudi nyuma akipapasa, akagonga fremu ya mlango, akatoka. Harufu ya lipu ilibaki muda mrefu baada yake.

Dada na mdogo mtu walikaa sakafuni wameshikana, wakilia na kucheka. Alikuwa nani, nani alimtuma, na kama ndiye aliyepita kitandani kwa binti usiku ule wa mwaka jana, hawakujua. Mwalimu aliwaza kwamba pengine maneno yote mabovu ambayo watu huyatupa mitaani lazima yaende kuishi mahali. Hilo lilikuwa wazo tu. Stuli haikunyooka. Baba hakurudi kwenye sura yake, na hilo Mwalimu hajalisamehe hadi leo.

Kesho yake jioni mdogo wake aliketi sebuleni pamoja na wanafunzi. Dereva mmoja alimkodolea macho, naye akamkodolea vilevile hadi dereva akakumbuka kitabu chake. Kisha akaingia muuguzi, amechelewa, akaomba radhi. Alikuwa amesimama njiani akizungumza na mwalimu mwingine wa Kiingereza, yule wa mtaa wa pili, anayemtunza mama yake mwenye kibyongo. Alisema mwalimu huyo amepata mwanafunzi mpya, mwanamume mpole sana, anataka maneno ya ajabu ajabu, na ndiyo kwanza wanaanza somo.

Mwalimu alitaka kusema kitu, ulimi wake uliovimba ukakataa.

Mdogo wake alikuwa ameshasimama. Alimuuliza muuguzi nyumba ni ipi, akachukua taa, akafungua mlango. Barabarani watu walikuwa bado wengi, wamekaa vibarazani kwao. Akapita katikati yao kichwa wazi, taa ikimmulika shavu, haraka sana hata dada yake akalazimika kukimbia kumfuata.