Redio ya Saba

Kamati Ndogo ya Muda ya Kushughulikia Kupinda kwa Mkono wa Antena, Jengo B, ilikuwa na wajumbe watano, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda ngazi akaiona hiyo antena. Aliyepanda ni fundi, na yeye alialikwa kikaoni kusikiliza tu.

Ndiye aliyefunga redio sita za idara ya afya, ndogo kama kasha la sabuni, kila moja na kipande chake cha sola. Hazikuhitaji mtandao wa simu wala umeme wa nguzo: hii inaipa ile ujumbe wa maandishi, ile inaipa nyingine, mpaka unafika. Ya mwisho ilikuwa katika zahanati ya nyuma ya mlima, ambako mdogo wake fundi, mkunga, hakuwa na njia nyingine ya kuita gari la wagonjwa.

Redio ya ofisini ilikaa juu ya paa, antena yake kwenye mkono wa chuma unaopindika. Fundi aliuelekeza mlimani. Kila saa saba mchana, ofisi nzima ikisinzia kwa shibe, alikuta umejipinda kuelekea stoo kuukuu isiyo na mlango.

"Upepo," alisema Mwenyekiti.

"Mzee, hakuna upepo."

"Basi andikeni: upepo usio wa kawaida."

Siku ya nne paa lilinuka nywele zilizoungua. Fundi alitazama kioo cha redio: zilizo hewani, saba. Ya saba haikuwa na jina, na nguvu yake ilisomeka kana kwamba imesimama mgongoni pake. Hakugeuka. Alishuka ngazi kinyumenyume.

Jumatatu mdogo wake akafika kwa miguu, kanuna.

"Dada, mnanifanyia mzaha? Nimeita gari mara mbili. Mmenijibu 'Tunakuja.' Nikasikia injini mlangoni, nachungulia dirishani, hakuna gari. Vumbi tu limetimka."

Hakuna ombi lililofika ofisini. "Ulifungua mlango?"

"Sikufungua. Ila safari ijayo sichungulii, dada, nafungua. Mgonjwa atanifia mikononi."

"Usifungue mpaka usikie sauti yangu."

"Na damu inayomwagika nayo niiambie isubiri sauti yako?" Akaenda zake.

Fundi alimfuata Mwenyekiti.

"Taarifa inaonyesha maombi yote yamejibiwa," alisema mkubwa yule, akiipapasa karatasi kama mtoto mchanga. "Asilimia mia, mama. Hatujawahi kupata mia."

"Yamejibiwa na nani?"

"Na idara."

Hata hivyo mkono ulizidi kupinda, na kupinda kulikuwa na kamati yake. Ikaazimia kinachoupinda king'olewe, akaitwa mganga, akaandikishwa kama Mtaalamu Mwelekezi wa Masuala Yasiyoonekana, akasainishwa fomu tatu ndipo akaruhusiwa kupanda pamoja na fundi. Alitega sikio kwenye chuma, akakunja uso.

"Ni jini," alinong'ona. "Amejifunza kazi yenu, na anaifanya kuwashinda. Anaitikia. Mkimng'olea hapa atahamia kule anakoitwa. Mwanangu, kwanza mwambie huyo binti asifungue mlango. Kung'oa baadaye."

Hapo hapo redio ikalia. *Dada, mama anatoka damu. Leteni gari.* Na kabla fundi hajainua kidole, chini yake, kutoka redio ya saba: *Tunakuja.*

Harufu ya nywele ikafumka, na jua likiwaka vile vile bila wingu, fundi akaanza kuandika, akikosea na kufuta na kukosea tena, huku ule mkono wa chuma ukijizungusha taratibu mbele ya macho yake kama shingo ya mtu aliyeitwa jina lake, ukiiacha stoo, ukiupita uwanja ambamo gari la wagonjwa limeegeshwa na dereva kalala, ukiendelea mpaka ukaelekea mlimani sawasawa, ukatulia.

"Umenyooka!" Mwenyekiti alipiga kelele kutoka katikati ya ngazi, mahali pa juu kabisa alipowahi kufika. "Ng'oa sasa!"

"Mzee, nusu dakika, niutume—"

"Azimio linasema kung'oa. Halisemi kutuma." Akanyoosha mkono, akaukamata waya wa sola ya redio uliopita ukutani, akauvuta.

Kioo kikawa cheusi. Maneno *Usifungue mlango* yalibaki humo humo.

Kamati ilivunjwa jioni ile kwa mafanikio, wajumbe wakapongezana. Fundi hakuwapo, alimwamsha dereva, wakafika zahanati baada ya saa mbili. Taa ilikuwa inawaka. Alama za magurudumu zilianzia mlangoni, zikaenda hatua kumi, zikaisha katikati ya njia.

Kilichotokea ni hiki: mkunga alifungua mlango, akampakia mgonjwa kwenye gari ambalo hakuna mtu aliyelituma, akapanda naye, na hawajaonekana tena.