Cherehani ya Chumba cha Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu Swabaha mwaka jana, hapa Arusha mjini. Alirithi jengo la maduka alilojenga babu yake, la zamani, lenye baraza ya mbao. Chumba cha nyuma alikuwa amekipanga Mzee Abdulrahman, fundi cherehani, kwa miaka arobaini. Swabaha alimwahidi kuwa angekaa hadi Idi. Lakini alipoamua kuliuza, mnunuzi alitaka jengo tupu, na mzee alipokwenda Kondoa kumzika dada yake, Swabaha akabadilisha kufuli.

Mzee aliporudi alisimama barazani na kusema, "Mwanangu, nguo za watu zimo ndani." Swabaha hakumfungulia. Mwezi haukuisha, mzee akafariki.

Siku moja kabla ya jengo kuvunjwa, Swabaha alikwenda saa saba mchana kulipiga picha. Ndani kulikuwa giza, kwa kuwa madirisha yalishapigiliwa mbao. Akasikia kule nyuma cherehani ya miguu ikishona, ikinyamaza, ikishona tena, kama mtu anayegeuza kitambaa. Alifika na tochi ya simu akakuta chumba kitupu. Cherehani yenyewe wana wa mzee walishaichukua baada ya msiba.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema huku akilia. "Nilikudhulumu."

Sauti ya cherehani ikakatika. Swabaha anasema alibaki akisikia pumzi zake tu, kisha akageuka aondoke. Hapo cherehani ikaanza tena, polepole, na sasa ilikuwa mbele yake, kati yake na mlango.