Tangu Nifute Baka, Mama Hanijui

"Mwiziii! Jamani mwizi!"

Aliyekuwa akipiga kelele hizo ni mama yangu mzazi… na huyo mwizi ni mimi!

Nilikuwa nimesimama sebuleni kwetu, begi bado begani, natabasamu kama zuzu. Nilijua atafurahi!

Majirani wakajaa mlangoni. Mmoja kashika mwiko, sijui alitaka kunipiga au kunipakulia.

"Mama, ni mimi, mwanao!"

"Mwanangu ana baka hapa," akajigusa shavu. "Wewe huna. Umemfanya nini mwanangu?"

Ngojeni niwaeleze yalivyoanza.

Nilizaliwa na baka jeusi, toka chini ya jicho mpaka kwenye taya. Shuleni waliniita Kiraka. Kazini nilikaa mapokezi, na wageni waliongea na shavu langu, si na mimi.

Mama peke yake ndiye aliyelipenda.

"Huo ni muhuri wa Mungu," alizoea kusema. "Hata ukipotea sokoni nitakuokota."

Harusi yangu ilipokaribia nikaamua kwenda kulitoa kwa leza. Mchumba wangu hakunilazimisha, msije mkamtukana kwenye komenti! Nilitaka mwenyewe, walau mara moja, nipigwe picha bila kugeuza shingo.

Mtaalamu alikuwa mama mmoja mpole. Akanifunika macho kwa miwani mizito, akanipaka jeli ya baridi, akawasha mashine.

Tap! Tap! Tap!

Inachapa kama mpira wa kufungia nywele. Baka likazidi kuwa jeusi, likafanya magamba, likafifia. Nikarudia, nikarudia tena. Alinikataza jua kabisa, kwa hiyo miezi yote ile sikwenda nyumbani. Nilipiga simu tu.

Mama alikuwa ameshaanza ugonjwa wa kusahau. Aliyekuwa akimtunza ni wifi yangu, mke wa kaka.

"Wifi, njoo," aliniambia. "Kila siku anauliza, yule wangu mwenye muhuri yuko wapi?"

Mimi na wifi hatukuwahi kuiva chungu kimoja. Nikajua ananisuta tu.

Sasa siku ile ya mwizi, majirani walipotulia, nikakimbilia chumbani. Nikatoa penseli ya wanja, nikaanza kujichora baka mbele ya kioo.

Nikasikia mtu anahema nyuma yangu…

Mama!

"Njooni muone! Anajichora sura ya mwanangu!"

Hapo nikawa nimejimaliza mwenyewe. Tangu siku hiyo hata nijichore vipi, hata nimwimbie nyimbo alizonilelea, jibu lilikuwa moja.

"Tapeli huyo. Mtoeni."

Kumbe jina langu alishalisahau. Sauti yangu alishaisahau. Alikuwa amebaki kashikilia baka tu… na mimi nikaenda kulifuta!

Akagoma kula. Akagoma dawa.

"Mpaka mwanangu arudi."

Nililia mpaka kichwa kikauma. Siku moja naingia chumbani kwake, namkuta wifi anamlisha uji. Mama anakunywa bila ubishi!

Kuangalia vizuri… wifi ana BAKA shavuni!

"Ulikuwa wapi siku zote hizo, mwanangu?" mama anamuuliza, macho yamejaa machozi.

Damu ilinichemka. Nikamvuta wifi hadi uani.

"Umeniibia mama!"

"Nipige ukitaka, wifi. Alikuwa anakufa na njaa mbele ya macho yangu. Ningefanyaje?"

Akaanza kulia, wanja ukamchuruzika. Nikamtazama. Kisha nikatoa penseli yangu, nikamfuta, nikamchora upya vizuri, maana alikuwa amekosea. Hakuna aliyelijua lile baka kama mimi.

Harusi ikafika.

Mama alikaa mbele, kamshika wifi mkono. Mpiga picha alikuwa akinisifia ngozi tangu asubuhi. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya mama.

Akanitazama. Akamgeukia wifi, mwanamke mwenye watoto watatu!

"Usihuzunike, mwanangu. Na wewe Mungu atakupa mume."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kisha akaniinamia.

"Bibi harusi, umependeza. Mbona mama yako simuoni?"

"Hakuja," nikajibu.

"Pole, binti. Mama gani anakosa siku kama hii!"

Ndugu zangu, sisemi leza ni mbaya. Mashine ilifanya kazi yake, na mtaalamu alifanya yake. Ninachosema, kabla hujaondoa kitu mwilini mwako, waulize wanaokupenda wanakutambua kwa lipi. Mimi lile baka nililiona kama langu peke yangu, kumbe kuna mtu alikuwa analitegemea kuliko mimi.

Mama bado yupo, anakula vizuri. Huwa naenda kumwona kila Jumapili. Ananikaribisha kiti, ananiuliza natokea wapi, halafu ananisimulia habari za binti yake.